Mshenga Aliyepungua

Kwanza tulisikia baisikeli. Spoku zilikuwa zikilalama, cheni ikisaga meno, tairi la nyuma likitoa mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Juu ya sauti hizo zilipanda pumzi mbili: ya kijana wa boda aliyekanyaga pedali, fupi na ya haraka, na nyingine nzito, yenye mkoromo ndani yake, ya mtu aliyekaa nyuma bila kufanya lolote. Mama hakuhitaji kuchungulia dirishani.

"Ongeza maji kwenye mchuzi," aliniambia. "Mshenga amefika."

Alikuwa na jina, na lilikuwa zuri, lakini katika kota za askari magereza pale Jinja, nilikokulia, sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata kanisani mchungaji alitangaza kwamba Mshenga atatuongoza kwa sala. Mchana alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo. Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Kazi iliyompa jina ilikuwa kwenda na watu ukweni na kumwombea mke kijana ambaye, kwa desturi, siku hiyo hakutakiwa kufungua kinywa.

Kwetu kazi hiyo haikuwa ndogo. Katika kota zile za makabila mengi Mteso alioa Mgisu, Mlangi akaoa Msoga, na siku ya kujitambulisha wazee wa pande mbili walikaa wakitazamana kama watu waliokutana benki. Lugha iliyobaki katikati ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe wengi hawakukipenda. Walikijua kama lugha ya kizuizi cha barabarani: lala chini, toa kitambulisho, leta funguo. Bibi yangu, hadi anafariki, akisikia Kiswahili mlangoni aliangalia kwanza dirisha la nyuma. Mshenga alikichukua Kiswahili hichohicho cha askari akakifundisha kupiga magoti.

"Wazazi wangu," angeanza, kwa sauti ya chini isiyolingana na mwili ule, "sisi tulikuwa tunapita tu. Tukaona moshi wa jiko lenu, miguu ikagoma. Tumeisihi, tumeitukana, imegoma. Basi tumeona tuje tuwaulize wenye nyumba, mmetia nini katika moto huu?"

Wanawake wa upande wa pili walicheka wakifunika midomo, na baada ya hapo mambo yalikwenda. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi niliposikia maneno hayo mara ya kwanza, nikiwa nimebeba sinia la soda. Sikujua kabla ya hapo kwamba lugha ambayo baba aliitumia kuhesabu wafungwa ingeweza pia kuomba.

Lakini haikuwa sauti peke yake. Mwili wake ulikuwa nusu ya hotuba. Alipoingia uani kwa watu, tumbo likitangulia, shingo imekaa juu ya kola kama mkate uliofura kwenye kikaango, mabibi wa nyumba ile walimpima kwa macho na kupata jibu kabla hajasema lolote. Ukoo unaotuma mtu kama huyu haulali njaa. Binti yetu atashiba. Yeye mwenyewe alijua. Alimwambia baba, "Afande, wananiazima kama watu wanavyoazima viti. Wanataka pajae." Alisema bila uchungu. Nadhani alipenda kuazimwa.

Na alikula. Kwa desturi ya huku, chakula kikiletwa, mshenga wa wageni ndiye anayeanza, mbele ya macho ya wote, na hatakiwi kuonja tu. Akiacha chakula kwenye sahani, ameikataa nyumba. Nimemwona Mbale akimaliza mlima wa ndizi kwa malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kukaushwa kwa moshi, yaliyopikwa kwa karanga, kisha akaomba aongezwe kidogo, huku mama wa bibi harusi akitabasamu kama aliyetunukiwa nishani. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba mtu anayekula hivyo kila Jumamosi anaumwa.

Alikuwa anaumwa. Alikuwa na sukari, magoti yalikuwa yamekwisha, na usiku pumzi ilisimama. Binti yake, nesi Uingereza, alikuja Krismasi akalala chumba cha pili, akasikiliza kupitia ukutani. Baba yake alikoroma, akanyamaza, akakaa kimya muda mrefu mno, kisha akashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Binti alirudi kwake, na mwaka uliofuata akamchukua.

Wakamfanyia upasuaji huko. Alitueleza baadaye barazani, akichora kwa kidole juu ya shati lake: tumbo lilikatwa juu, wakabakiza mfuko mdogo kiasi cha yai, wakauunganisha na utumbo mbele zaidi. Sehemu kubwa ya tumbo ilibaki humo ndani, haina kazi.

"Kama mimi kiwandani," alisema. Siku hizo kiwanda kilikuwa kimeshapunguza watu, naye akiwa mmoja wao.

Siku aliyorudi hatukusikia chochote. Mama alitoka kumwaga maji akamkuta mtu amesimama barazani, mrefu, koti linamning'inia, akamwuliza kwa adabu anamtafuta nani. Yule mtu akacheka. Mama aliitambua sauti, beseni likamponyoka. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye ngazi, akatazama nyasi.

Kuna mambo ambayo Mshenga alijifunza upya akiwa na umri wa kuwa babu, na aliyafanya kwa uangalifu wa mtoto anayejifunza kuandika. Alitumia kijiko cha chai. Alitafuna mpaka chakula kikawa uji mdomoni, macho yakitazama mbali, na mwenye haraka alikoma kumsubiri. Maji hakunywa pamoja na chakula. Alikaa na kiu yake nusu saa nzima. Chai ya sukari, ambayo zamani alikunywa birika zima, ilimtoa jasho na kumtetemesha kana kwamba amekimbizwa na mbwa. Akizidisha tonge moja tu, alisimama kimya, akazunguka nyuma ya nyumba, na sisi tukaongea kwa sauti ili tusisikie.

Alihisi baridi. Jinja ina joto la ziwa, joto zito linaloganda mgongoni, na yeye alivaa koti. Nywele zilitoka miezi ya mwanzo, zikarudi chache na laini. Ngozi ilibaki nyingi kuliko mwili. Mikononi ilining'inia kama nguo iliyoanikwa, na usoni ilishuka, kwa hiyo alionekana mwenye huzuni hata alipokuwa anafurahi. Aliendelea kuchagua benchi badala ya kiti. Aliponunua shati alitaja saizi ya zamani, na muuzaji akamtazama, naye akajitazama, na wote wawili wakasubiri.

Alikumbuka chakula kama mtu anavyokumbuka mji aliohama. Aliweza kukaa na mama jikoni akimwuliza kitunguu kimefikia rangi gani. Aliota anakula. Alituambia ndoto zake kinaganaga, sahani kwa sahani, mpaka siku moja baba akamwomba aache, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi.

Na alikuwa amepona. Hili ndilo lililokuwa gumu kwa watu kulishika. Sukari ilishuka. Alilala usiku kucha bila sauti. Alitembea kwa miguu kutoka kota mpaka gati la Masese, akatazama samaki wakipimwa, akarudi, na alipofika alinyanyua suruali kidogo kutuonyesha magoti, akiyapigapiga kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Hakuwahi kuwa mzima namna ile tangu ujana wake. Lakini katika miaka ile, katika nchi yetu, mtu aliyepungua alikuwa na maelezo ya aina moja tu. Yalikuwa neno moja, watoto walilijua, na hakuna aliyelitaja mbele ya mwenyewe.

Silimu. Neno la Kizungu la wembamba, lililogeuzwa likawa letu, likapewa ugonjwa wenyewe, ukimwi. Mtu alianza kukonda, koti likaanza kumpwaya, wenzake wakatazamana. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kusubiri. Tulizika sana miaka ile. Nilizoea kiasi kwamba nikiona watu wengi wameketi uani, niliangalia kwanza kama kuna hema au hakuna, ndipo nijue ni harusi au ni kilio.

Mshenga alipigana na neno lile kwa kila alichokuwa nacho. Alipandisha shati kuonyesha kovu, refu, lenye kung'aa, kutoka kifuani hadi karibu na kitovu. Alilionyesha posta, sokoni, kwenye foleni ya maji. "Mimi si mgonjwa," alisema. "Nimekatwa tumbo." Ilikuwa sentensi yake, kama vile mtu mwingine ana salamu yake. Watu waliinamisha vichwa kwa heshima. Akiondoka walisema masikini, walimfungua wakaona hakuna la kufanya, wakamshona.

Alipima damu. Akaja na habari kwamba ni mzima. Mama Adongo, aliyeuza chai karibu na lango la kiwanda, alifikiri kidogo akasema, "Hiyo mashine ya hapa itaona nini? Yake alitoa Ulaya."

Tena, maelezo yake yenyewe yalimwangusha. Jaribu kumwambia mtu aliyepita miaka ya njaa, aliyewahi kupanga mstari kwa ajili ya chumvi na sabuni, kwamba kuna mahali mtu analazwa, anakatwa tumbo akiwa amekubali mwenyewe, ili asiweze tena kula. Baba yangu alimwamini kwa sababu alikuwa rafiki yake. Mimi nilimwamini kwa sababu baba alimwamini. Lakini nakumbuka baba akiwa peke yake na mama, akisema, "Angalau angetafuta uongo mzuri zaidi."

Mtu mmoja alimfurahisha kwa neno hilo. Lori la Mombasa liliharibika karibu na kiwanda, na dereva wake, mtu wa pwani mwenye kofia iliyotariziwa, akakaa siku kadhaa kwa Mama Adongo akisubiri spea. Mshenga alipita. Dereva akauliza yule mzee ni nani.

"Yule iko na silimu," Mama Adongo alisema kwa sauti ya chini.

"Amesilimu?" Dereva alisimama. "Mashallah. Lini?"

"Tangu atoke Ulaya."

"Ulaya ndiko alikosilimia? Mungu mkubwa. Sasa anaitwa nani?"

Akavuka barabara kabla hajajibiwa, akamshika Mshenga mkono kwa mikono yake yote miwili, akamkaribisha katika dini. Mshenga alitusimulia jioni ile barazani, akicheka huku ameshikilia tumbo, baba akifuta macho.

"Mikono miwili, Afande. Tangu nirudi hakuna mtu aliyenishika kwa mikono miwili."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Ningemwacha aondoke na uongo? Nilimweleza mimi ni Mkristo, na silimu ya huku maana yake nini, na kwamba nayo sina. Alisikiliza vizuri sana." Alitazama viganja vyake. "Halafu akarudisha mkono mmoja."

Kanisani zamani tulimwachia nusu ya benchi kwa sababu ya ukubwa wake. Sasa aliweza kukaa katika nafasi ya mtoto, na bado nusu ya benchi ilibaki tupu. Nafasi ilikuwa ileile. Aliimba besi katikati yake, macho mbele.

Kazi ya ushenga ilikwisha bila mtu kuitangaza. Jumamosi zilipita. Alikaa amevaa tayari, kanzu nyeupe na koti juu, mavazi ambayo kwetu mshenga huvaa, dini yoyote. Mkewe alikuwa ameshafariki muda mrefu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia ayavue. Alitaka vitu viwili, na alivisema waziwazi: aaminiwe, na aitwe tena. Alijua kimoja hakiji bila kingine.

Ndipo kaka yangu akapata mchumba Mbale, binti wa mwuza jumla mmoja. Kaka alikuwa akifanya kazi huko, akipakia magunia ya sukari na kuyaandika daftarini. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani atasema. Mshenga alikuwa amemwahidi kaka tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Alianza kutayarisha maneno; nilimkuta mara mbili akiyajaribu barazani kwetu, akiyaambia maua ya mama.

Baba mdogo ndiye aliyeleta pingamizi. Ni mdogo wake baba, alikuwa polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini hadi mwisho.

"Afande," alimwambia baba, kwa sababu ndugu hawa wawili waliitana hivyo hata mezani, "hii maneno si ya kucheza. Watu ya Mbale iko na macho. Tunapeleka mtu kama ile, watasema sisi yote ndani ya nyumba iko hivyo. Watafunga binti yao."

"Ni mzima," baba alisema.

"Mimi nasema habari ya macho. Mimi hapana sema habari ya damu."

Kaka ndiye aliyekwenda kumwambia Mshenga, na mimi nilifuatana naye. Mshenga alimsikiliza amekaa kwenye benchi lake, mikono magotini. Kaka alizunguka sana, akaongea habari ya wakwe, na mji mgeni, na jinsi mambo yalivyo siku hizi. Mshenga alimwacha amalize.

"Mwanangu," alisema, "unaomba vibaya. Umesema 'lakini' mara nyingi. Ukiwa ukweni usiseme 'lakini'."

Akauliza nani atasema badala yake. Kaka akamtaja mwuza samaki mmoja wa Masese, mtu mnene sana. Mshenga akatikisa kichwa, akasema huyo ana mwili mzuri. Alikubali kwenda kama mgeni wa kawaida.

Mwuza samaki alisema vibaya. Alitoa bei ya mahari kana kwamba yuko gatini mbele ya barafu ya samaki, akakohoa, akasahau jina la ukoo. Mzee wa upande wa pili alimwuliza, kwa utani, kama wageni wamekuja kununua au wamekuja kuoa. Kutoka mstari wa nyuma, kwa sauti ya chini, Mshenga akasema, "Mwenye kununua huondoka na kitu. Sisi tumekuja kuacha mtoto wetu hapa." Watu wakacheka, wakageuka kutafuta aliyesema. Walimwona. Niliona kicheko kikizimika mtu kwa mtu, kama taa zinavyozimwa kwenye korido. Shangazi wa bibi harusi alipogawa chakula alimpa yeye sahani ya plastiki. Wengine wote tulipewa za udongo.

Alikula vijiko vyake vya chai kwenye sahani ile, polepole, akashukuru.

Huku harusi zikimkimbia, wagonjwa walianza kumwita. Hilo hakulitegemea. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mzee Jinja ana silimu, mwaka wa pili huu, wa tatu huu, na anatembea kwa miguu hadi Masese. Mtu wa namna hiyo alikuwa anahitajika kuliko daktari. Walimtumia watoto wao: mama anasema uje, baba anaomba umwone. Mwanzoni alikwenda akidhani wanataka sala.

Mwanamke mmoja wa Wanyange, mjane aliyekuwa akikausha dagaa, alimshika nguo akamwuliza anatumia dawa gani. Alikuwa amelala chini, mfupi kama mtoto.

"Mama, mimi si mgonjwa," Mshenga alimwambia. "Nimekatwa tumbo."

Alitusimulia barazani, na mara hii hakuchora kwa kidole. "Nilimwambia ukweli," alisema, "akageukia ukutani."

"Ungemwambia nini?" baba akauliza.

"Ndiyo hivyo. Ningemwambia nini?"

Mjane yule alizikwa wiki ileile, na Mshenga alikuwa kwenye mazishi. Baada ya hapo aliendelea kwenda kila alipoitwa, akaendelea kusema sentensi yake, na kila nyumba alitoka akiwa amenyooka na amechoka. Hakuwa mtu wa kujilaumu. Wala hakujisifu. Alisema jina ni kitu cha mwisho ambacho mtu huvuliwa, na lake hajavuliwa bado.

Kaka yangu alianza kukonda mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikwenda Mbale kumsaidia mkewe kuuguza. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule nyuma ya maduka ya jumla. Asubuhi mlima ulionekana wote mlangoni, na kufikia saa nne ulishaingia mawinguni. Tulimgeuza, tulimwosha, tulimkanda kwa vitambaa. Sikulia. Nilikuwa nimeona yote hayo katika nyumba za wengine, na mikono yangu ilijua kazi bila mimi kuwepo. Kilichotushinda kilikuwa chakula. Alikuwa amefunga mdomo. Hakukataa kwa hasira. Aliangalia kijiko kama mtu anavyoangalia gari lisiloelekea kwake.

Baba mdogo alikuwa amekuja kututazama, amekaa kwenye kiti cha sebuleni karibu na kitanda, kwa sababu kitanda tulikihamishia hapo kupata hewa. Alasiri Mshenga akabisha. Hakuna aliyemwita. Alisafiri kutoka Jinja peke yake, akamwuliza njia mwuza sukari mmoja, akafika.

Alimsalimia baba mdogo, akamsalimia mke wa kaka, akaniita binti yangu. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda. Kaka alijaribu kugeuza uso. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu siku ile ya sahani.

"Kuna uji?" Mshenga alimwuliza mke wa kaka.

"Upo, mzee. Ila yeye hanywi."

"Sijauliza habari yake. Mimi nimetoka mbali."

Alicheka kidogo, mke wa kaka, kwa mara ya kwanza siku hizo. Akaleta vikombe viwili. Mshenga akachukua chake, akachota kijiko, akakiweka mdomoni, akakaa nacho. Kaka akamtazama. Kaka alikuwa ametazamwa akila na watu wazima wenye afya kwa miezi, sahani zao zimejaa. Sasa mbele yake alikaa mtu aliyekula kama yeye, kiasi chake, kwa shida yake. Muda ulipita. Kijiko cha pili. Nilimwona kaka akisogeza mkono kuelekea kikombe, nami nikakishika chini ili asikiangushe. Alimeza. Tukasubiri kama atarudisha. Hakurudisha.

"Mzee," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki hewa tu. "Wewe ni mwaka wa ngapi sasa?"

Baba mdogo aliinua kichwa.

Nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimekisikia posta na sokoni na kwenye foleni ya maji, na midomo yangu ilikuwa tayari kukisema pamoja naye. Mshenga alitazama ndani ya kikombe. Alitazama kwa muda ambao angeutumia kutafuna tonge zima. Nje mtu alikuwa akihesabu magunia kwa sauti.

"Wa sita," alisema.

"Wa sita?"

"Wa sita huu unaisha."

"Na mwanzoni ulikuwa hivi?"

"Mwanzoni nilikuwa mbaya kuliko wewe. Nywele zilitoka. Sikuweza kushika maji ndani. Nililala hivi hivi, nikawaza ni bora."

"Kisha?"

"Kisha nikala kijiko. Kesho yake nikala kijiko."

Kaka akafungua mdomo, nami nikampa.

"Kumbe," baba mdogo alisema polepole kutoka kwenye kiti chake. "Kumbe. Na mimi nilisema. Miaka yote hii nilisema, watu hapana sikia."

Kesho yake baba mdogo alikuwa anarudi Jinja, na habari ingefika kota zote kabla ya jioni.

Mshenga aligeuka akamtazama. Alimtazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo na kuhakikisha ameushika. Sijui kama alitarajia mimi niseme kitu. Nilikuwa na kijiko mkononi, na mdomo wa kaka ulikuwa wazi tena. Nilijaza kijiko.

"Umalize hicho," Mshenga alimwambia kaka. "Mimi nimeshiba."

Chake kilikuwa bado zaidi ya nusu. Alimrudishia mke wa kaka kwa mikono miwili, akamshukuru kwa mapishi, akasema uji umekolea vizuri. Akatuaga mmoja mmoja. Baba mdogo hakumpa mkono. Alimwinulia kidole hewani, salamu ya askari. Mshenga akaitikia kwa kichwa, akatoka uani, akapita katikati ya magunia.

Baba mdogo akainuka, akafunga mlango nyuma ya Mshenga.